MAONI YETU: TENDO HALIZIKWI

Ndugu wanachama, zimetufikia khabari, wala si kwa kinywa cha mtu mmoja, kwamba miongoni mwetu wamo wasemao: siku yetu ikifika, tutawalipa. Wengine hawakuingoja siku yenyewe. Wameanza malipo mapema, kwa kuacha kununua katika duka la jirani asiyekuwa wa chama chetu, na kwa kukataa kwenda kumzika mzazi wake. Mtu huupita mlango ulio karibu, akaenda mbali kutafuta kibaba cha mchele, na njiani akajiona shujaa. Sisi tuandikao maoni haya ni wenye maduka, na twaijua hali ya duka lililosusiwa. Lakini hatusemi kwa kuitetea mizani yetu. Twasema kwa kuwa jambo hili ni kubwa kuliko duka, na yatupasa tulipime kabla halijatupima.

Twaandika kutoka Kiboriloni, pembezoni mwa mji wa Moshi, kando ya njia kuu iendayo Himo, mahali palipopata jina kwa soko la nguo za mitumba. Biashara ndiyo iliyotuleta, kama ilivyowaleta bara wana-visiwa wengi. Elimu yetu ni ya chuoni, ya ubao na msahafu. Kiingereza cha Shakespeare hatukukisoma. Lakini lugha yetu imejaaliwa wafasiri. Mwaka 1963 Julius Nyerere, naye wakati huo ni Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar, akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka 1968 S. S. Mushi, mwenye jina la ukoo lijulikanalo sana hapa mlimani, alitoa Makbeth. Basi hata mwenye duka, akisha kufunga milango na kuhesabu senti zake, aweza kuwasha taa akasoma yale waliyokuwa wakiyasoma wenye vyeti peke yao.

Tamthilia hizi mbili ziliandikwa, ya kwanza mnamo 1599, ya pili mnamo 1606. Mwandishi alifariki mwaka 1616, na zote mbili hazikupigwa chapa illa mwaka 1623. Maneno ya mtu yalitoka kitabuni miaka saba baada ya mwenyewe kuingia kaburini, na mpaka leo watu wayataja khasa pale panapozungumzwa matendo na malipo yake. Lakini wengi huyabeba maneno hayo kama yabebwavyo mafumbo ya wahenga, wasiulize ni nani aliyeyasema na alikuwa akitaka nini. Neno la tamthilia ni neno la mtu, na mtu huyo ana haja yake. Kwa hiyo twawaomba wasomaji watufuate katika maneno manne, na kila neno tumtazame na msemaji wake.

La kwanza ni la Antony. Caesar amekwisha kuchomwa majambia, maiti imelala mbele ya watu wa Rumi, na Antony anapanda kusema. Maana ya neno lake ni kuwa ubaya wa mtu huendelea kutembea duniani baada yake, na wema wake mara nyingi hufukiwa pamoja na mifupa yake. Neno hili ladhaniwa kuwa ni hekima tupu. Lakini ulizeni, Antony alitaka nini? Alikuwa amewaahidi wauaji kwamba hatawalaumu. Basi hakuwalaumu: aliwasifu kwa heshima yao, akarudia na kurudia, hata sifa ikageuka tusi. Akaonyesha vazi lililotobolewa. Akasoma wasia. Alipomaliza, watu wale wale waliokuwa wakiwashangilia wauaji walikuwa wakitafuta mienge ya kuchomea nyumba zao.

Na tazameni wa kwanza kuangukiwa na hasira hiyo ni nani. Ni mshairi mmoja anayepita njia, jina lake Cinna. Mmoja wa wauaji naye aliitwa Cinna. Mshairi akajitetea kwamba yeye siye. Wakamwambia basi atararuliwa kwa ubaya wa mashairi yake. Twawaomba wana-visiwa waisome sehemu hii mara mbili. Sisi twajua maana ya mtu kufuatwa kwa jina lake, kwa kijiji chake, au kwa kabila la babu yake. Kisasi kikisha kutoka mlangoni hakiulizi tena ni Cinna yupi.

Neno la pili ni la Brutus, naye ndiye mtu mwema kuliko wote katika tamthilia ile. Usiku kabla ya kuua yumo bustanini mwake, na kwa insafu yake anakiri moyoni ya kuwa Caesar hajatenda dhuluma ya kumstahilia kifo. Lakini huenda akiongezewa cheo atageuka. Basi anajiambia maneno ambayo maana yake ni kumhesabu mtu huyo kama yai la nyoka, na kulivunja lingali yai. Hii ndiyo hoja iliyomwaga damu nyingi duniani: kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo hajalitenda. Matokeo yake yajulikana. Caesar wa historia aliuawa tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya Masihi, ili Jamhuri ipone. Mwaka 42 Brutus na Cassius wakashindwa huko Philippi wakafa, na Jamhuri haikupona. Katika tamthilia Cassius anakufa kwa upanga ule ule aliomchomea Caesar.

La tatu ni la Macbeth. Mfalme Duncan amefika kwake kama mgeni, amekula, amelala. Macbeth yu peke yake anapima. Anajiambia ya kuwa mwenye kufundisha umwagaji damu huwafundisha wanafunzi ambao watamrudishia mwalimu somo lake, na kwamba haki hukisogeza kikombe cha sumu mpaka kwenye midomo ya yule aliyekitia sumu. Msidhani kwamba Macbeth hakujua. Alijua kuliko wote, akasema vizuri kuliko wote, kisha akaenda akaua. Katika hili tamthilia hii yatutisha sisi tupendao hotuba: elimu ya ulimi haimzuii mtu.

La nne ni la mkewe, naye amelisema mara mbili. Mara ya kwanza anampoza mumewe: lililokwisha tendeka limekwisha, la nini kulifikiri? Mara ya pili yumo usingizini, anatembea, anasugua mikono isiyotakata, na neno ni lile lile karibu, kwamba lililotendeka halitenduliki. Kwanza lilikuwa neno la kustarehesha. Mwisho limekuwa ndio ugonjwa wenyewe. Kilichobadilika ni muda uliopita.

Na muda ndio unaotughuri. Katika tamthilia malipo huja kabla watazamaji hawajaondoka. Katika maisha hukawia. Macbeth wa historia alimwua Duncan vitani mwaka 1040, si kitandani, akatawala Scotland miaka 17 mpaka alipouawa mwaka 1057. Bila shaka katika miaka hiyo walikuwako walioseka wakasema: mbona hapana kitu?

Huenda mtu akasema hayo ni ya Rumi na Scotland. Basi na atoke nasi hapa Kiboriloni aipande njia iendayo Old Moshi, kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Visiwa vyetu navyo vilifika huko: mwaka 1885 Jenerali Mathews alitumwa na Seyyid Barghash, akawatia wamangi mkono katika karatasi ya kuikubali bendera ya Zanzibar, na mwaka ule ule Mjerumani Jühlke akaja na karatasi yake. Rindi alifariki mwaka 1891, na mwanawe Meli akakaa mahali pake. Mwaka 1892 askari wa Meli waliwashinda Wajerumani na kumwua kiongozi wao, von Bülow. Mwaka 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, na Meli akashindwa.

Upande wa Marangu alikuwako Mangi Marealle, mtu hodari wa akili, aliyefungamana na Wajerumani na kusikilizwa sana na Kapteni Johannes, mkubwa wa boma la Moshi. Wanahistoria wa mlima huu hueleza jinsi masikio ya Johannes yalivyojazwa khabari kwamba wamangi wengine wanapanga uasi. Yai bado yai, nyoka hajaonekana. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa huko Old Moshi pamoja na watu wengine 18, wakiwamo watawala wa Kibosho na Siha. Walinyongwa kwa vita waliyodhaniwa kwamba wataipigana.

Marealle akawa mkubwa kupita wenzake wote mlimani. Lakini somo lilikwisha kufundishwa, na wanafunzi walikuwako. Kila mmoja aliyeona jinsi wamangi walivyoangushwa alifahamu ya kuwa neno likipelekwa bomani laweza kumwondoa mtu ambaye mkuki haukuweza. Mwaka 1904 adui zake walimwendea mkubwa mwingine wa boma na mashitaka yale yale ya uasi, naye Marealle akakimbilia kwa Waingereza, katika nchi iitwayo leo Kenya. Ilikuwa miaka minne tu. Hatujui kama katika nyumba yoyote ya mlimani wakati ule palikuwa na kitabu cha Shakespeare. Hakikuhitajika, neno la Macbeth lilijiandika lenyewe juu ya ardhi hii.

Na lile la Antony, je? Wazee wa Old Moshi husimulia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alikidai miaka mingi. Jamaa walitoa sampuli za miili yao zipimwe, na mwezi wa Septemba 2023 wenye makumbusho ya Berlin wakatangaza kwamba baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kwao yamelingana na jamaa walio hai huku Tanzania, na moja ni la mtu aliyekuwa msaidizi wa Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuonekana. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na wakoloni wa Kijerumani. Kutoka 1900 mpaka 2023 ni miaka 123. Aliyefunga kamba amekwisha kuwa udongo, na tendo bado linatafutiwa mazishi.

Lakini mlima huu una na mfano wa pili, na huo ndio tuupendao zaidi. Mwaka 1951 Wachaga walipiga kura kumchagua Mangi Mkuu, wakamchagua Thomas Marealle, mjukuu wa yule Marealle wa Marangu. Hawakumtwika mzigo wa babu yake. Mwaka 1960 walipiga kura tena, wakauondoa umangi wake mkuu, wakataka kiongozi wa kuchaguliwa kwa muda. Akaondoka na kichwa chake juu ya mabega yake, akaishi miaka mingi baada ya hapo, akaheshimiwa. Linganisheni mambo mawili haya. Watawala wameangushwa katika mlima mmoja, mara moja kwa kamba na mara moja kwa karatasi. La kamba limevuka bahari na limewashughulisha wajukuu na vitukuu. La karatasi lilikwisha siku zilipohesabiwa kura, na hakuna aendaye Berlin kulitafutia mifupa.

Sasa turudi kwetu. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 visiwa vyetu viliingia katika kususiana. Watu walisusiana maduka, wakasusiana mabasi, wakafukuzana mashambani, wakafika hata kususiana mazishi. Yalionekana ni mambo madogo, ya kumtia mwenzako adabu tu. Mwezi wa Juni 1961 watu 68 wakauawa katika fujo za uchaguzi. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja yaliyokuja, na damu nyingi ikamwagika. Tarehe 7 Aprili 1972 Rais Karume akapigwa risasi Kisiwandui. Mwezi wa Januari 2001 waandamanaji wakauawa kwa risasi, khasa Pemba, na watu wapatao elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni. Hatusemi matendo haya yana uzito mmoja, wala hatumlinganishi aliyeua na aliyeuawa. Twasema jambo moja: kila tendo lililetwa kwa jina la kulijibu lililotangulia, na kila mtendaji alidhani lake ndilo la mwisho.

Hapa tutamjibu Antony mwenyewe, kwani hakusema kweli yote. Wema nao hubaki, kama umejengewa mahali pa kukaa. Mwaka 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikaa wakazungumza. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa, nayo ikaandikwa katika Katiba ya Zanzibar. Uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu. Ya mwaka 2015, uchaguzi ulipofutwa, twayakumbuka sote, na machungu yake hatuyafichi. Hata hivyo lile lililoandikwa halikufutika. Mwishoni mwa mwaka 2020 likatumika tena. Maalim Seif alifariki Februari 2021 akazikwa Mtambwe. Mifupa yake imo kaburini, na maandishi aliyoyatia mkono hayakuingia kaburini pamoja nayo.

Tutaulizwa: mwenye kupigwa asijibu? Aliyenyang'anywa asidai? La, hatukusema hivyo, na asituzushie mtu. Kudai ni haki na kusahau si wajibu. Jamaa wa Meli hawakusahau hata siku moja. Lakini hawakuchoma nyumba ya mtu, wala hawakumwaibisha mjukuu wa mtu sokoni. Walikumbuka, wakaandika, wakauliza, wakapima, wakangoja, na wenye makumbusho yao huko Berlin wakalazimika kusema hadharani. Kukumbuka kwa namna hiyo kuna nguvu kuliko kisasi, kwa sababu hakumpi mdhalimu udhuru wa kusema: mmeona, hata wao ni kama sisi.

Basi haya ndiyo tuyatakayo kwa kila mwanachama. Kwanza, anunue dukani kwa kuangalia bei na ubora wa mchele, si kadi ya mwenye duka. Pili, akisikia jirani amefiwa aende akashike jeneza, hata kama marehemu alimtukana mwaka mzima wa kampeni. Jeneza halina chama, na siku moja litakuwa letu. Tatu, kila dhuluma atendewayo mtu wetu iandikwe: siku, mahali, mashahidi, na jina la aliyetenda. Jina la aliyetenda, hatukusema jina la ukoo wake. Daftari hilo lipelekwe kwa mawakili na mahakamani, si kwa vijana wa mtaani. Nne, lile neno la kuwa siku yetu ikifika tutawalipa, liachwe kusemwa barazani mwetu tangu leo. Mtoto wa miaka kumi anayelisikia leo ndiye mwanafunzi aliyemwogopesha Macbeth. Tukilipata tulitakalo naye amekwisha kulihifadhi somo hilo, hatutajua atamsomea nani.

Kuna watakaosema maneno haya ni ya wanyonge, ya watu wasio na nguvu mikononi. Ni kweli leo hatuna. Lakini ndiyo sababu wakati wa kuyasema ni sasa. Mtu aliyekwisha kushika nguvu hujiambia yale ya Brutus, kwamba anavunja yai tu kwa manufaa ya wote. Na akisha kulivunja hujiambia yale ya mke wa Macbeth, kwamba lililopita limepita. Chama kisichojifunza kujizuia kingali nje hakitajifunza kikisha kuingia ndani. Wanaotutazama leo kwa wasiwasi, wale wasiotupigia kura, hawatazamii ilani yetu. Watazama jinsi tunavyopita mbele ya milango yao.

Twawaomba makatibu wa matawi, Unguja na Pemba, wausome ukurasa huu barazani baada ya kumalizika shughuli za mkutano, na wausome polepole ili wazee waufahamu. Na yule mwanachama aliyekuwa akilipita duka la jirani yake, na aingie kesho asubuhi, atoe salamu, anunue kibaba chake, alipe, arudi nyumbani.

Wabillahi tawfiq.